Nusu Nyingine Iko Wapi?

Kitendaguro, Bukoba
9 Februari 2025

Shangazi Gaudiosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mbuzi wako na lile sikio la kulia. Juzi nilikupigia simu mara tatu nikakuuliza habari za kahawa, na mara tatu ukanijibu kwamba padri ameshaondoka. Nimeona heri nirudi kwenye kalamu, kama ulivyotufundisha darasa la tatu. Barua atakuletea jirani yako Klaudia, akishamaliza kuuza ndizi zake sokoni.

Hapa tu wazima. Mke wangu Evelyne anakusalimu. Mimba imeingia mwezi wa tano na hataki kabisa kusikia harufu ya dagaa, basi na mimi nimeacha kula dagaa.

Sasa jambo lenyewe. Tovuti ya Kahawa ya Rugemalira iko hewani tangu Krismasi, na sina raha nayo. Nina chombo kinachonionyesha wageni wanafanya nini wakishaingia. Katika kila watu mia wanaofika mara ya kwanza, themanini na mmoja wanaondoka kabla ya sekunde kumi. Wanafika mlangoni, wanachungulia, wanageuka. Na mgeni akishageuka mlangoni, Shangazi, harudi. Anakwenda kwa jirani na kusahau hata jina la nyumba.

Kwa kuwa simu yako ni kitochi, nimechapa kurasa zote kwenye karatasi. Wewe umesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Chukua kalamu yako nyekundu usahihishe na hili. Kahawa ni yako, jina ni la babu, na mimi nisingependa tufunge duka kabla halijafunguka.

Nakutakia Kwaresima njema, kama barua itafika kabla yake.
Avit


Buganguzi, Muleba
21 Februari 2025

Mwanangu Avit,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikaa kwa Klaudia siku nane kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa, amepona. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa kisimani, nimeng'oa mashina mawili kwa mikono yangu mwenyewe. Evelyne mwambie asijilazimishe dagaa, ale senene wa kukaanga kama amebakiza.

Nimesahihisha. Nimekupa alama nne kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni za mwandiko safi.

Mstari wako wa kwanza unasema: "Karibu katika tovuti rasmi ya wazalishaji wa kahawa yenye viwango vya kimataifa." Hebu fikiri umekuja kwangu, umenikuta nimesimama kizingitini natangaza, "Karibu katika nyumba rasmi ya Gaudiosa." Si ungekimbilia kwa mganga? Halafu mgeni hajasoma hata neno la pili, kimeruka kijisanduku kinamdai jina na namba ya simu. Nani alikufundisha adabu hiyo? Kwetu mgeni anakalishwa. Analetewa akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, anatafuna punje mbili tatu, mate yanarudi mdomoni, ndipo anaulizwa ametoka wapi. Hata akiwa askari aliyekuja kukamata mtu, anatafuna kwanza.

Na huo mlima wenye theluji umeutoa wapi? Buganguzi kuna migomba na kuna mimi. Mkono ulioshika kahawa una kucha za rangi, mkono huo haujawahi kuchuma kitu. Piga picha ya kikapu changu, kile cha mama, ambacho mwaka jana ulikiona ukasema kimechakaa.

Jambo moja lingine. Yale maneno yako ya mgeni kugeuka mlangoni ungeweza kuyaandika kwa namna nyingine. Niliyasoma mara moja tu.

Mimi hapa,
Shangazi yako Gaudiosa


Kitendaguro
16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mnyauko. Evelyne amecheka mpaka akashika tumbo aliposoma habari za nyumba rasmi. Senene hatukubakiza hata mguu.

Nimekutii. Kijisanduku nimekiondoa, na fomu ya kuacha ujumbe nimeipeleka chini kabisa, mgeni akishatafuna. Mlima umekwenda zake. Kikapu cha bibi kimekaa juu kabisa na kimechakaa vizuri. Zile sekunde kumi zimekuwa ishirini na tano, na sifa ni zako.

Lakini bado. Mgeni anahitaji sababu ya kuteremka mpaka chini ya ukurasa, yaani swali analolitafutia jibu. Nikawa nafikiri, nikafungua kasha la Baba, lile nililopewa baada ya msiba. Chini ya vyeti vyake nimekuta kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani yake mna punje moja ya kahawa, ile iliyobapa upande mmoja, imekuwa nyeusi kwa umri. Pacha wake hayumo. Nimeipiga picha ikiwa juu ya kitambaa chake na nimeandika kwa herufi kubwa: "Nusu nyingine iko wapi?" Chini yake nimeweka: "Katika nyumba hii, mwenye nusu ya pili hafungiwi mlango. Ajapo na njaa au ajapo na ugonjwa, yeye ni mwenyeji."

Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe, lakini yanasikika kama ya wazee, sivyo? Yalinijia tu kama maji. Na yanafanya kazi! Watu wa Mwanza, Dodoma, mpaka Kampala, wanakaa dakika mbili na zaidi. Nimekuchapia ukurasa mpya.

Je, unajua punje hiyo ilikuwa ya nini? Kama hujui, nitaongeza chumvi.

Mwanao mwenye furaha leo,
Avit


Buganguzi
24 Machi 2025

Avit,

Marahaba. Sote wazima. Mvua ni nyingi.

Toa picha ile. Toa na maneno yaliyo chini yake. Punje irudishe kwenye kitambaa chake, ukifunge kama ulivyokikuta, usimwonyeshe mtu. Hukuachiwa kitu kile ukifanyie mnada.

Karatasi uliyonitumia nimeichoma jikoni. Usiniulize.

Gaudiosa


Kitendaguro
4 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Evelyne ni mzima, daktari anasema mwezi ujao. Klaudia ameniambia umeanza kuchuma kahawa ya upande wa juu peke yako, na hilo silipendi. Tafuta mtu wa kukusaidia.

Nimekaa na barua yako wiki zote za Pasaka na baada yake. Nimeisoma nikiwa na hasira, nikaisoma nikiwa nimepoa, haikubadilika. Mistari saba. Wewe uliyekuwa ukitunyima alama tukijibu bila kueleza sababu!

Basi naeleza mimi. Picha sikuitoa. Hoteli moja ya Mwanza imeomba sampuli ya kahawa yako. Kuna kikundi cha walimu wanataka kuja kuona mavuno. Kila ujumbe unaoingia unaanza na swali lile lile, nusu nyingine iko wapi. Kwa mara ya kwanza wageni wetu wanavuka kizingiti, na unaniambia niwarudishe bila kuniambia kwa nini. Ukiniambia kilichomo katika kitambaa kile, naitoa siku hiyo hiyo. Ukininyima, inabaki.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kukuuliza tangu mwaka 2011. Zile siku za mwisho hospitalini, Baba alikuwa akitaja jina la Mushumbusi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikadhani ni marehemu fulani anamwita. Wewe ulikuwa umekaa upande wa pili wa kitanda. Kila alipolitaja ulitoka nje. Ulikuwa unatoka kwenda wapi?

Nasubiri.
Avit


Kitendaguro
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hukunijibu. Klaudia anaapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaiweka ndani ya kitabu cha sala ukaendelea kuanika kahawa.

Evelyne amejifungua tarehe mbili, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Wote wazima. Ana masikio yako, Mungu amsaidie asikie kuliko wewe. Nilitaka uwe mtu wa kwanza kupata habari hii na badala yake naiandika katika barua ya ugomvi.

Tarehe kumi na moja umeingia ujumbe kupitia ile fomu ya chini. Naunakili kama ulivyo:

"Nusu nyingine iko Bumbire. Anayo baba yangu, Mushumbusi. Macho yake hayaoni vizuri, nimemsomea maneno yenu mara nne. Amesema maneno hayo anayajua. Anauliza mambo mawili. Damian yupo? Na yule dada bado anasimama mlangoni? Ni mimi, Ephrasia, binti yake."

Wageni wetu bora wanakaa dakika mbili au tatu. Huyu, chombo kinaonyesha, alikaa dakika arobaini na mbili.

Nilifunga kompyuta. Sijamjibu. Kitu nilichoandika kama tangazo, mtu amekisikia kama wito, na sijui nimemwita nani wala nimemwahidi nini. Anasubiri kule, na mimi nakusubiri wewe.

Yule dada ni nani, Shangazi?

Avit


Buganguzi
29 Juni 2025

Mwanangu Avit,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa mtoto, nimelia niliposoma. Kuna debe la ndizi na asali kidogo kwa Klaudia, ni vya Evelyne, wewe usiguse.

Yule dada ni mimi.

Nimechana karatasi nne kabla ya hii, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mwaka 1991 baba yako alikuwa akipeleka ndizi visiwani. Mtumbwi ukapinduka karibu na Bumbire, watu wanne wakafa maji. Mvuvi mmoja, Mushumbusi, alimshika Damian kwa ukosi akamvuta mpaka ufukweni. Mwezi uliofuata alikuja hapa nyumbani wakafanya omukago, undugu wa kiapo. Zamani watu walichanja karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Lakini miaka ile tulikuwa tukizika kila wiki, na hakuna aliyethubutu kugusa damu ya mtu. Wakapasua tunda, kila mmoja akachukua punje yake. Wakasema, bila damu haimezwi, basi itatunzwa. Maneno ya kiapo waliyasema mbele yangu na mbele ya baba yetu Rugemalira: mwenye nusu ya pili hafungiwi mlango, ajapo na njaa au ajapo na ugonjwa. Wewe unasema umeyatunga. Hukuyatunga. Damian alikuwa akiyasema akikubembeleza ulale.

Septemba 1998 Mushumbusi alikuja. Nilikuwa nimemzika mume wangu mwezi wa tatu, na mdogo wetu Jovita mwaka uliotangulia, wote kwa ugonjwa ule. Nikafungua mlango nikamwona amesimama, amekonda, mashavu yameingia ndani, anakohoa. Amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitano au sita. Nilijua, au nilidhani najua. Alisema, "Damian yupo?"

Nikasema hayupo. Nikasema amehamia Bukoba na wala sijui mtaa.

Damian alikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini, anapogoa migomba. Nilikuwa nasikia panga lake wakati nasema hayupo.

Sikumkalisha, Avit. Kikapu cha mama kilikuwa mezani kimejaa akamwani na sikumpa hata punje. Mtoto aliomba maji. Nilimpa kwenye kopo la kunyweshea kuku, na walipoondoka nililitupa shimoni. Sijui alikuwa anaumwa nini. Kama ni kifua tu, amepona. Hata kama ungekuwa ugonjwa wenyewe, mlango ule ulikuwa wake.

Damian sikumwambia. Nilisema nitamwambia kesho, kesho ikawa miaka kumi na mitatu. Akafa akisema, "Mushumbusi amenisahau." Ndiyo maana nilikuwa natoka nje. Nilikuwa nakwenda kusimama kwenye ukuta wa hospitali, sikuwa na mahali pengine.

Ulipoandika kwamba mgeni akigeuka mlangoni harudi, ulidhani unanifundisha biashara.

Sasa nakuomba, si kama shangazi bali kama mtu anayeomba. Usimjibu. Funga ukurasa ule. Mimi nina miaka sabini na moja, siwezi kusimama mbele ya mtu yule.

Gaudiosa


Kitendaguro
5 Julai 2025

Shangazi,

Salamu nimeshindwa kuziandika. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Nilimwona Baba akikodolea macho mlango wa wodi kila ulipofunguka. Nilidhani anaogopa kifo. Kumbe alikuwa anamngoja mtu, na wewe ulikuwa unajua kwamba mtu huyo alikwisha kuja.

Najua ilikuwa miaka gani. Najua ulizika nani. Hayo nitayafikiria siku nikipoa. Leo sijapoa.

Nimemjibu Ephrasia jana. Nimeandika maneno matatu: mlango uko wazi. Hakuna zaidi. Sikuandika kwamba Baba amekufa. Hilo utalisema wewe, pale pale uliposema lile la kwanza.

Amejibu usiku ule ule kwamba watakuja Alhamisi, tarehe ishirini na nne mwezi huu. Mimi sitakuja. Nikiwepo utaniachia mimi niongee, nakujua.

Ukurasa haujafungwa.

Avit


Buganguzi
27 Julai 2025

Mwanangu Avit,

Hukunisalimu, lakini mimi nasema marahaba. Shikamoo yako nitaidai siku utakapomleta mtoto.

Tuko wazima. Kahawa ya upande wa juu imekwisha kuchumwa yote, utashangaa nimesaidiwa na nani, subiri. Kwanza kazi. Lile swali lako kubwa ulitoe. Limeshajibiwa, na si vizuri kuendelea kuuliza kitu unachokijua. Maneno ya chini yabaki, ila uandike ni ya nani. Usiogope kwamba wageni watapungua. Watakaobaki watakuwa wamebaki kwa ajili yetu.

Ile Alhamisi niliamka nikafagia uwanja mara mbili. Nilichemsha akamwani mpya tangu Jumatatu, nikaianika, nikaijaza kwenye kikapu. Nilikuwa nimeandika hotuba, kurasa mbili, nikaikariri kama mtoto wa ubatizo. Saa nne nikavaa kanga safi. Saa tano nikaingiwa na woga nikachukua rozari nikaenda mpaka barabarani, nia yangu nikajifiche parokiani. Nikarudi. Nilirudi kwa sababu nilimwona Damian amekodolea macho mlango, kama ulivyoandika. Sentensi ile iliniua, Avit, na nakushukuru kwayo.

Wamekuja saa saba kwa pikipiki mbili, zikawashusha barabarani. Mushumbusi amekuwa mzee, anatembea na fimbo, jicho moja lina ukungu mtupu. Ephrasia ni mwanamke mzima, mrefu, amemshika baba yake mkono vile vile kama siku ile, ila sasa ndiye anayemwongoza. Wakafika mpaka kizingitini. Hakukivuka. Nilifungua mdomo nitoe hotuba, yeye akanitangulia.

Akasema, "Damian yupo?" Sauti ni ile ile.

Nikasema, "Yupo."

Nikamshika mkono wa pili, tukazunguka nyumba tukaenda nyuma kwenye kibanja cha migomba. Ni hatua thelathini, nilizihesabu. Nikauweka mkono wake juu ya msalaba wa kaburi. Akapapasa jina, herufi moja moja, mpaka mwisho. Na mimi nikasema yote, nimesimama kama mwanafunzi aliyekosa, mbele ya binti yake. Sikupunguza, hata lile la kopo.

Akasema, "Siku ile nililisikia panga. Nilijua yupo. Nilidhani yeye ndiye aliyekutuma useme hayupo."

Miaka ishirini na saba, Avit. Huyu anadhani amekataliwa, yule anadhani amesahauliwa, na katikati yao nimesimama mimi.

Nikasema, "Hakunituma. Hakujua." Nilipiga magoti kwenye majani ya migomba nikalia kwa sauti, majirani wakachungulia. Yeye hakulia. Sikusikia akisema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Alijishusha polepole mpaka chini, akaegemea kaburi kama mtu anayeegemea bega la mwenzake, akasema, "Basi nitakaa kidogo." Nikaleta kikapu. Alitafuna punje moja, akachukua nyingine. Kisha akatoa mfukoni kitambaa chake cha lubugo akakiweka ndani ya kikapu. Njoo na cha baba yako.

"Kidogo" yake ni leo siku ya nne. Ephrasia ndiye aliyemalizia kuchuma kahawa, ana mikono ya kazi.

Pale kaburini, tulipokuwa bado tumekaa, jua lilikuwa kali na binti yule alikuwa ametembea kutoka barabarani. Aliniangalia, nikajua anakumbuka. Akasema taratibu, "Mama, naomba maji."

Nilikwenda ndani nikayaleta kwenye kikombe changu ninachonywea mimi. Alikunywa nusu, akanirudishia. Nikanywa iliyobaki.

Shangazi yako,
Gaudiosa